Kukatiwa si sawa na kujikatia

Mhariri,

Wiki iliyopita mliuliza: "Ukiacha kulipia filamu au muziki wa mtandaoni, unapoteza nini hasa?" Najua wengi watajibu kwamba hawapotezi kitu, wanaokoa hela tu. Mimi nimewahi kukatiwa, na baadaye nikajikatia mwenyewe, na mambo haya mawili hayafanani hata kidogo. Naomba nafasi nieleze.

Baba yangu anaishi Korogwe. Alikuwa fundi mitambo kwenye mashamba ya mkonge mpaka alipostaafu. Sasa macho yamepungua nguvu, televisheni haimpi raha, kilichobaki ni masikio. Nilimnunulia simu janja, nikajiunga na huduma moja ya muziki kwa akaunti yangu, nikaifungua kwenye simu yake. Mimi niko Dodoma. Kila Jumapili ananipigia, ananitajia nyimbo alizozikumbuka wiki hiyo: bendi za Tanga za miaka ya sitini na sabini, taarab za zamani, kwaya za jumuiya. Nyingine hajui hata jina lake, ana mstari mmoja tu, au sauti ya gitaa la mwanzo, basi ananiimbia hilo gitaa kwa mdomo na mimi natafuta. Kazi hiyo ilichukua karibu miezi minne. Tulifikisha nyimbo 140. Nilipokwenda likizo Desemba nikazipakua zote kwenye simu yake, azisikilize bila bando, maana mtandao kule kwetu ni wa kubahatisha.

Malipo yalikuwa yanakatwa kwenye kadi ya mtandaoni, ile unayoitengeneza kwenye simu na kuihamishia hela kutoka kwenye akaunti yako ya fedha za simu. Kadi ile ni tupu mpaka uiwekee. Machi tulipata msiba wa shangazi, wiki mbili zikapita sijui hata tarehe, nami sikuiwekea kitu. Baadaye niligundua kuwa taarifa zilitumwa mara tatu, zote kwa barua pepe, na barua pepe yangu mimi naifungua nikiwa na shida nayo tu.

Baba akanipigia. "Mama, simu hii imekufa nyimbo."

Nilikwenda mwisho wa wiki iliyofuata. Akanionesha. Majina ya nyimbo yalikuwa palepale, kwa mpangilio uleule tulioupanga, ila yamegeuka kijivu. Kidole gumba chake kikagusa mstari wa kwanza, akasogeza sikio karibu na spika, akasubiri. Akagusa tena, safari hii akakandamiza mpaka ukucha ukawa mweupe. Alidhani hagusi kwa nguvu ya kutosha. Siku kumi alikuwa anafanya hivyo, na hakutaka kunisumbua kwenye msiba.

Hapo ndipo nilipokaa chini kusoma mambo haya yanavyokwenda, na ningependa wasomaji wenzangu wayajue kabla hayajawakuta.

Kupakua kwenye huduma hizi si kununua. Kilichomo kwenye simu yako kimefungwa, na ruhusa ya kukifungua inahuishwa kila mara kutoka kwao. Spotify, kwa mfano, inataka simu yenye nyimbo zilizopakuliwa iingie mtandaoni walau mara moja kila siku 30 ili ijiridhishe kwamba bado unalipa. Ukiacha kulipa unarudi kwenye huduma yao ya bure yenye matangazo. Orodha zako zinabaki, lakini zile nyimbo hazichezi tena bila mtandao. Mtu wa mjini mwenye bando la mwezi atasema hilo ni dogo. Kwa mzee wa Korogwe, huko ndiko kukatiwa kwenyewe.

Netflix haina ngazi ya bure ya kukurudisha. Kenya waliwahi kufungua kifurushi cha bure cha simu za Android mwaka 2021, wakakifunga mwaka 2023, kwa hiyo hata asiyewahi kulipa senti alionja kukatiwa. Malipo yakigoma, akaunti inasimamishwa mpaka utoe njia nyingine ya kulipa. Ila ukighairi mwenyewe, unaendelea kuangalia mpaka siku ya mwisho ya kipindi ulichokwishalipia. Siku hizo ndizo ninazozitetea katika barua hii. Aliyejikatia ana siku za kuaga na kukusanya vyake. Aliyekatiwa anakuta mlango umefungwa.

Kuhusu deni, wengi wanaogopa bure. Huduma hizi unalipa kwanza ndipo utumie, kwa hiyo ukiacha, hakuna miezi itakayolundikana ikusubiri. Hapo zinafanana na king'amuzi: kifurushi kikiisha picha inakatika, ukilipa inarudi. Lakini king'amuzi hakiji usiku kupapasa mfuko wako. Kadi uliyoisajili inapapaswa. Malipo yakishindikana leo, mfumo unajaribu tena baada ya siku chache, na tena. Ukiwa umejiunga kupitia Apple, wanaweza kuendelea kujaribu hadi siku 60.

Hilo nalo nilijifunza kwa maumivu. Baada ya mambo ya Korogwe nilikasirika, nikaifuta ile programu kwenye simu yangu nikaamini nimemalizana nao. Kufuta programu si kughairi. Ni sawa na kuhama nyumba bila kumwambia mwenye nyumba: umeondoka wewe, mkataba haujaondoka. Wiki tatu baadaye nikaweka kwenye kadi hela ya ada ya kozi, imehesabiwa mpaka shilingi ya mwisho, na ilikuwa siku ya mwisho ya kujiandikisha. Nilipobonyeza kulipa, kadi ikasema salio halitoshi. Huduma ya muziki ilikuwa imekwishachota sehemu yake kabla yangu. Wakala wa jirani alikuwa amefunga. Kozi ile nikaisubiri muhula mwingine.

Kwa hiyo ukitaka kutoka, toka kwa mlango ulioingilia. Uliyejiunga kupitia Google Play, nenda huko huko kwenye sehemu ya usajili ughairi; kuifuta programu hakusitishi chochote. Uliyejiunga kupitia Apple, vivyo hivyo, na kama uko kwenye majaribio ya bure, ghairi walau saa 24 kabla hayajaisha. Ukijiungia kwenye tovuti yao, rudi kwenye tovuti. Subiri ujumbe wa kuthibitisha na uusome una tarehe gani. Na kama wewe ndiye unayelipia kifurushi cha familia, waambie wenzako mapema. Cha Spotify kinabeba hadi watu sita wa nyumba moja, na wewe ukiacha, wote wanashuka pamoja nawe.

Sasa nirudi kwa baba. Kwa kuwa hela ilikuwa imekwishakatwa, huduma ilirudi. Nikafungua orodha kwa furaha, nikahesabu: 134. Nyimbo sita zilikuwa zimeondolewa kwenye maktaba yao wakati sisi tumekatiwa. Hilo hutokea hata kwa anayelipa kila mwezi, kwa sababu nyimbo na filamu zinakaa pale kwa makubaliano na wenye haki, na makubaliano yana mwisho. Lakini mimi sikuwa nimeandika popote. Orodha yote niliiachia wao waitunze. Baba alikumbuka nne kati ya zile sita. Mbili zikakataa kabisa. Alikaa kibarazani anapiga kiganja kwenye goti, anatafuta mapigo yake, hazikuja.

Hiki ndicho ninachojibu, mhariri, kwa swali lenu. Nyimbo zenyewe hazikuwa zangu hata siku moja, na filamu pia si zako wewe msomaji. Kilichokuwa chetu ni ile miezi minne ya Jumapili, kukumbuka na kutafuta na kupanga. Kazi hiyo tuliifanya sisi, nayo ndiyo tuliyoiacha mikononi mwa watu wengine bila nakala. Na naona si haki kabisa kwamba huduma inayojua namba yangu ya simu, na inayokata hela kupitia simu hiyo hiyo, ishindwe kunitumia ujumbe mfupi siku tatu kabla ya kumzimia mzee. Wanaofanya kazi huko, kama mnasoma gazeti hili, lifanyieni kazi hilo.

Mwaka huu nilijikatia. Bei ilikuwa imenielemea, nikaona bora nijiunge kwa mwezi mmoja mmoja ninapokwenda likizo. Safari hii nilinunua kaunta buku. Mpwa wangu wa kidato cha pili alikaa na baba siku mbili. Wimbo unapigwa, mzee anataja bendi, na mara nyingine anataja ulipigwa harusi ya nani, mtoto anaandika vyote. Nilimwambia asiache hata yale ya harusi. Walipofika wa mwisho, mimi nikaghairi. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja za kipindi nilicholipia, baba akazitumia zote, akijua tarehe ya mwisho kama anavyojua tarehe ya pensheni. Ilipofika, hakunipigia kusema simu imeharibika. Alipiga kunisalimia tu.

Kaunta buku ninalo mimi hapa Dodoma, na nakala yake iko juu ya redio ya baba. Jumapili iliyopita alinipigia alfajiri, nikashtuka nikidhani kuna habari mbaya. Hata shikamoo yangu hakuisubiri imalizike.

"Mama, mmoja umekuja. Ule mmoja wa ile miwili."

Akaanza kuimba gitaa. Nikamwambia, ngoja baba, nichukue kalamu.

Msomaji wenu,
Dodoma