Taa ya Betri Ikiwaka, Usikimbilie Kununua Betri

Ile taa nyekundu yenye picha ya betri imewauzia watu betri nyingi wasizozihitaji. Jirani yangu hapa Tabata alibadilisha betri ya Toyota IST yake Ijumaa, na Jumatatu gari likamzimikia Ubungo kwenye foleni, betri mpya ikiwa ndani. Ile aliyoitoa haikuwa na tatizo lolote. Mchoro ndio unaopotosha: taa hiyo inaeleza habari za chaji. Ikiwaka injini ikiwa inaunguruma, maana yake alteneta, ile jenereta ndogo inayozungushwa na injini, haipeleki umeme wa kutosha, na gari linakula akiba iliyomo kwenye betri.

Mimi si fundi. Nimeendesha magari yaliyochoka kwa miaka mingi, Toyota kwa sehemu kubwa, na nimegundua kwamba anayefika kwa fundi umeme na vipimo vyake mkononi halipi sawa na anayefika akisema tu "taa inawaka".

Taa ikiwaka ukiwa barabarani, la kwanza ni belti. Kwenye injini ya 1NZ, iliyomo kwenye IST na Probox nyingi na baadhi ya Vitz, belti moja inazungusha alteneta, pampu ya maji na kompresa ya AC. Ikikatika, maji hayazunguki, na injini itachemka kabla hujafika sheli inayofuata. Baadhi ya magari haya hayana hata mshale wa joto, yana taa tu, na taa hiyo ikiwa nyekundu umeshachelewa. Kwa hiyo egesha pembeni, fungua boneti, hakikisha belti ipo na haijalegea. Kwenye 1NZ hakuna kikaza belti kinachojirekebisha chenyewe. Inakazwa kwa kusogeza alteneta, na nati isipokazwa vizuri belti hulegea tena. Inayopiga kelele asubuhi au unapowasha AC imeshakupa taarifa.

Wenye Hiace za dizeli, injini za 3L na 5L, wawe makini zaidi. Pampu ya vakyumu inayosaidia breki imefungwa nyuma ya alteneta. Belti ikikatika, breki zitashika mara chache halafu pedali itakuwa ngumu kama unakanyaga tofali. Hapo usiseme utajikongoja hadi Chalinze.

Belti ikiwa nzima, unaweza kuendelea kwa akiba ya betri. Zima AC, redio na chaja ya simu, na usizime injini mpaka ufike, kwa sababu kupiga stata kunakula umeme mwingi. Mchana, betri nzima inaweza kukuvusha mwendo wa maana. Usiku ni jambo jingine. Taa kubwa peke yake zinavuta karibu ampea 10, nawe huwezi kuzizima. Usukani wa umeme ukianza kuwa mzito, au taa za ABS na ea begi zikianza kuwaka zote pamoja, betri iko ukingoni. Tafuta pa kuegesha.

Sasa vipimo. Nunua mita ya kawaida ya dijitali, ile ndogo inayouzwa madukani mwa vifaa vya umeme. Gari likiwa limelala usiku mzima, betri iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Chini ya 12 imeisha. Washa injini upime tena palepale kwenye temino, yaani vichwa viwili vya betri. Ukiona kati ya 13.8 na 14.5, chaji ipo. Ukiona ileile 12 na kitu, tena inashuka taratibu, chaji haipo. Ikizidi 15, regyuleta, kifaa kinachodhibiti volti za alteneta, imeharibika kwa upande mwingine, nayo itaichemsha betri na kuunguza balbu. Kisha washa taa kubwa, AC na feni upime tena: alteneta iliyochoka husoma vizuri ikiwa haina mzigo na kuanguka ukiibebesha. Tahadhari moja kwa wenye Honda na magari mengine ya kisasa: kompyuta inaweza kushusha chaji kwa makusudi kuokoa mafuta, kwa hiyo 12.8 bila mzigo si lazima iwe ugonjwa. Washa taa kubwa ndipo uhukumu.

Chaji isipokuwepo, bado usiihukumu alteneta. Angalia fyuzi kwanza. Kwenye Toyota nyingi utakuta zimeandikwa ALT na ALT-S. Angalia plagi ndogo nyuma ya alteneta, maana waya zake hukatikia ndani ya plastiki ambako huoni. Halafu fanya jaribio la bure: fungua swichi bila kupiga stata. Taa ya betri lazima iwake. Isipowaka, balbu imeungua au waya wake umekatika, na alteneta nyingine haziamki bila huo waya. Waya mnene pia una siri zake. Injini ikiunguruma na taa zikiwa zimewashwa, gusa mita kwenye nati kubwa ya alteneta na kwenye chanya ya betri. Zikipishana kwa nusu volti, umeme unapotelea njiani, kwenye kutu au nati iliyolegea. Fanya hivyo pia kati ya bodi ya alteneta na hasi ya betri. Hapa pwani, arthi (njia hiyo ya hasi kupitia bodi) iliyoshika kutu nimeiona mara nyingi kuliko alteneta iliyokufa.

Kuna kipimo kimoja cha gereji za mitaani ambacho sikiruhusu kwenye gari langu: kuchomoa temino ya betri injini ikiunguruma ili kuona kama gari litazima. Kilitoka enzi za magari yenye kabureta. Ukichomoa betri, volti za alteneta zinaweza kuruka juu ghafla na kuua dayodi zake, zile zinazougeuza umeme wake ufae kuchaji betri, au kompyuta ya gari, ambayo bei yake unaijua. Fundi akinyoosha mkono kwenye temino, mpe mita yako. Akikataa kuitumia, funga boneti.

Ikithibitika ni alteneta yenyewe, mara nyingi ni kaboni zimekwisha, vile vipande vidogo vinavyosuguana na sehemu inayozunguka ili kuipelekea umeme. Dalili yake ni taa inayowaka na kuzima bila mpangilio. Ukiigonga alteneta taratibu kwa mpini wa bisibisi na taa ikazima, umepata jibu. Kaboni ni kitu cha bei ndogo. Taa inayowaka kwa mbali, hafifu, au betri inayoisha usiku gari likiwa limezimwa, mara nyingi huelekeza kwenye dayodi. Beringi utaisikia ikilia. Mimi hutengeneza kaboni na beringi, lakini dayodi na regyuleta vikienda pamoja nanunua alteneta ya mtumba ya Japani kwenye maduka ya vipuri mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa sharti kwamba wanaipima nikiona. Hakikisha plagi inafanana na ya zamani kabla hujaondoka dukani. Na waambie vijana wa kuosha magari wasielekeze mashine ya maji kwenye alteneta. Ikiloa ndani hushika kutu, nayo hula kaboni haraka.

Kabla ya kumlipa fundi, pima mwenyewe palepale gereji, taa na AC zikiwa zimewashwa. Kama betri ilikuwa imeisha kabisa, iache kwenye chaja ya umeme wa nyumbani usiku mmoja kabla ya kuirudisha garini, kwa sababu alteneta uliyotoka kuifunga haikutengenezwa kufufua betri iliyoisha chaji kabisa, na itachemka ikijaribu.