Mfungaji wa mabao 12 au wa mabao 7: tumsajili nani?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni katibu wa timu ya ligi ya mkoa hapa Mwanza, maskani yetu Igoma. Tuna fedha ya kusajili mshambuliaji mmoja tu. Wa kwanza msimu uliopita alifunga mabao 12, manne ya penalti, akacheza dakika 1,800. Wa pili alifunga 7, hana penalti hata moja, dakika 1,080, mara nyingi akitokea benchi. Kijana wetu mmoja ameandika mashuti yao yote kwenye daftari. Ukiacha penalti, wa kwanza alipiga 44, na 20 kati ya hayo alipigia nje ya kumi na nane, yaani nje ya eneo la hatari. Wa pili alipiga 48, na 10 tu ndiyo ya nje. Kamati inamtaka wa mabao 12. Mimi moyo wangu uko kwa wa pili, ila sijui nitaitetea vipi hoja yangu. Na je, hesabu hizi za Ulaya zinafaa kwa viwanja vyetu?

JIBU: Ndugu Katibu, kwanza mfikishie kijana wa daftari shukrani zangu. Kazi aliyoifanya zipo timu kubwa kuliko yenu ambazo hazina mtu wa kuifanya.

Kwenye kikao cha kamati, kila namba itakayotajwa iulizeni swali moja: kati ya ngapi? Mabao 12 kati ya dakika ngapi, na kati ya mashuti mangapi? Tuanze kwa kuziondoa penalti. Duniani kote, takriban penalti tatu kati ya nne huingia, yeyote anayezipiga, na bila shaka mna mpigaji wenu tayari. Kwa hiyo wa kwanza anabaki na mabao 8. Dakika 1,800 ni sawa na mechi 20 kamili, 1,080 ni sawa na mechi 12. Gawanya: wa kwanza anafunga bao 0.40 kwa kila dakika 90, wa pili 0.58. Pengo la mabao matano mliloliona limegeuka upande.

Hata hivyo usikimbilie kamati na namba hizo, kwa sababu mabao ni machache mno na bahati huyachezea. Kuna kipimo chepesi cha kutumia hapa: chukua idadi, tafuta kipeuo chake cha pili, halafu uongeze na upunguze kiasi hicho. Kipeuo cha pili cha 7 ni kama 2.6. Maana yake ni kwamba mchezaji yuleyule, kwa uwezo uleule, angeweza kumaliza msimu na mabao 4 au 10 bila wewe kuwa na haki ya kushangaa. Yule wa 8 angeweza kumaliza na 5 au 11. Ukiyagawa kwa mechi zao, wa kwanza anaangukia kati ya 0.25 na 0.55, wa pili kati ya 0.33 na 0.83. Namba zao zinaingiliana. Kwa mabao peke yake, mjumbe anayempinga mchezaji wako hajashindwa hoja.

Sasa fanya hivyohivyo kwa mashuti. Arobaini na manne, ongeza au punguza 7, gawanya kwa mechi 20: kati ya 1.9 na 2.6 kwa mechi. Arobaini na manane, ongeza au punguza 7, gawanya kwa mechi 12: kati ya 3.4 na 4.6. Hapa hawagusani kabisa. Ni vigumu bahati peke yake kulieleza pengo hilo. Ndiyo sababu wachambuzi wanayatazama mashuti kwanza: yapo mengi, kwa hiyo hayadanganyi haraka kama mabao.

Kisha angalia yalipigwa kutoka wapi. Katika ligi kubwa, shuti la nje ya eneo la hatari huingia kama mara 3 katika 100, na la ndani, ukiyachanganya ya karibu na ya pembeni, kama mara 15. Wa kwanza: 20 ya nje yanatoa 0.6, 24 ya ndani yanatoa 3.6, jumla 4.2. Wa pili: 10 ya nje yanatoa 0.3, 38 ya ndani yanatoa 5.7, jumla 6.0. Hayo ndiyo mabao tarajiwa, ile xG mnayoiona kwenye runinga. Tofauti ni kwamba programu za kompyuta zinazotoa xG hiyo zinapima pia pembe ya goli, mguu au kichwa, na wakati mwingine mabeki waliosimama mbele. Kwa mechi, wa kwanza anajipatia 0.21, wa pili 0.50.

Wa kwanza amefunga 8 mahali pa 4. Inawezekana ana jicho la goli kweli. Lionel Messi amezidi matarajio msimu baada ya msimu. Lakini Messi tunamjua kwa mashuti maelfu. Kwa mashuti 44 siwezi kukuahidi, na nisingelipia ahadi hiyo kwa fedha ya timu ya mkoa.

Kuhusu viwanja vyetu: viwango vya 3 na 15 si vya Igoma. Kwenye uwanja wenye vijiwe mpira unadunda vibaya mbele ya kipa, na upepo wa ziwani wa alasiri unabeba mashuti ya mbali. Nyasi bandia za Nyamagana ni jambo jingine tena. Basi usiiamini sana ile 6.0 yenyewe. Amini ulinganisho, kwa kuwa wote wawili wamecheza ligi moja. Kijana wako aongeze safu mbili: uwanja, na hali ya mpinzani. Timu iliyovuka ziwa asubuhi ileile kutoka Nansio, Ukerewe, haitakimbia dakika ya 80 kama iliyolala mjini.

Sasa yale yanayonizuia kukuambia msajili kesho. La kwanza ni benchi. Anayeingia dakika ya 60 hukutana na mabeki waliochoka, na washambuliaji wa akiba kwa kawaida hupata mashuti mengi kwa dakika kuliko wanaoanza. Sehemu ya mashuti yake 4.0 kwa mechi (48 kugawa kwa 12) huenda inatoka hapo. La pili, ambalo kwangu ni zito zaidi, ni timu yake. Kama timu ya wa kwanza inapiga mashuti 6 kwa mechi, basi yeye anapiga zaidi ya theluthi. Kama timu ya wa pili inapiga 16, yeye anapiga robo tu, na huenda analishwa na wenzake. Swali la kati ya ngapi linarudi, safari hii kwa yule unayempenda.

Kulisahau swali hilo kumewahi kupotosha watu makini sana. Charles Reep alianza kuandika pasi za mechi za Uingereza kwa kalamu mwaka 1950. Aliona mabao mengi yanatokana na pasi tatu au pungufu, akahubiri mipira mirefu, na makocha wakamfuata. Kumbe mashambulizi mengi ya mpira wa miguu huwa na pasi tatu au pungufu, yale yasiyozaa bao pia. Aliyahesabu mabao bila kuyagawa kwa majaribio.

Kwa ushahidi uliopo, mimi niko upande wako, Katibu. Kabla ya kusaini, mwombeni mchezaji aanze mechi mbili za kirafiki na acheze dakika 90. Kocha asimtazame akiwa na mpira, amtazame bila mpira: anajitenga vipi na beki, na dakika ya 70 bado anaingia eneo la hatari au anasubiri nje? Daftari halioni hayo. Na nitumie jumla ya mashuti ya timu zao zote mbili, kwa dakika ambazo kila mmoja alikuwa uwanjani. Nitakufanyia hesabu ya mwisho kabla dirisha halijafungwa.