Noti Moja Tu Inahama: Kupiga Solo kwa Pentatoniki Bila Kuiacha Kodi

Kwa karibu miaka mitatu nilipiga solo zangu zote kwa umbo moja la vidole. Freti ya tano (freti ni vile vyuma vinavyogawa shingo ya gitaa), kidole cha kwanza juu ya A, halafu lile umbo ambalo kila anayejifunza gitaa huonyeshwa mapema: A, C, D, E, G. Bendi ikipiga kwenye C, naingia hapo. Ni noti zilezile za pentatoniki, yaani ngazi ya noti tano, ya C: C, D, E, G, A, ila unaanzia mahali pengine. Hakuna noti inayokwaruza sana, na vidole vikishazoea vinakimbia vyenyewe.

Siku moja tulipiga kwenye harusi. Tulipokuwa tunakunja nyaya, mzee wetu wa besi akaniita pembeni.

"Kijana wangu, vidole vyako ni vyepesi. Ila mimi nimekwenda F usiku kucha, hujaniona."

"Mzee, mbona sijakosea noti?"

"Sijasema umekosea. Nimesema hujaniona."

Mazoezi yaliyofuata alinikataza kushika gitaa. Yeye alikulia kwenye kwaya, muziki wote anauhesabu kwa do re mi, na kila kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, anaiita kwa nafasi ya noti inayoianzia: ya nne ni ya fa, ya tano ni ya so. Akaniambia niimbe noti tano: do, re, mi, so, la. Nikaimba. "Sasa mimi nakwenda kodi ya nne. Imba hizohizo, ila mi ipande iwe fa." Nikaimba do, re, fa, so, la, naye anashikilia F kwenye besi. "Narudi nyumbani." Nikarudisha mi. "Nakwenda kodi ya tano. Rudi kwenye zile tano za mwanzo, ila do ishuke iwe ti." Nikaimba ti, re, mi, so, la juu ya G.

Huo ndio ushauri wangu wote. Yanayofuata ni namna ya kuupeleka kwenye vidole.

Tuyaweke kwenye C ili tuelewane: do ni C, mi ni E, fa ni F, so ni G, ti ni B. Pentatoniki ya C ni C, D, E, G, A. Ya F ni F, G, A, C, D. Ya G ni G, A, B, D, E. Zilinganishe kwa makini. Kutoka C kwenda F, noti nne zinabaki zilivyo, E peke yake inapanda freti moja na kuwa F. Kutoka C kwenda G, nne zinabaki tena, C peke yake inashuka freti moja na kuwa B. Wengi hufundishwa kwamba kodi ikibadilika wakimbilie umbo jingine mbali kwenye shingo ya gitaa, na wakifika huko kodi imeshapita. Hakuna haja ya kukimbia. Baki palepale, hamisha noti moja.

Shika gitaa uone. Kwenye umbo la freti ya tano, E ziko mbili: uzi wa tano freti ya 7, na uzi wa pili freti ya 5. Rithimu, yaani gitaa linaloshika kodi, ikienda F, hizo mbili zinakuwa freti ya 8 na freti ya 6. Basi, umeshakuwa kwenye pentatoniki ya F. Rithimu ikienda G, rudisha E zako mahali pake, halafu shughulika na C, ambazo ziko tatu: uzi wa sita freti ya 8, uzi wa tatu freti ya 5, uzi wa kwanza freti ya 8. Kila moja inarudi nyuma hatua moja, yaani freti ya 7, ya 4 na ya 7. Ile ya uzi wa tatu ndiyo inayosumbua mwanzoni, kwa sababu kidole cha kwanza kinatoka nje ya umbo ulilozoea. Ifanyie kazi hiyo zaidi ya nyingine. Wiki nzima nilikuwa nacheza nyuzi mbili tu, wa tatu na wa pili, kabla ya kugusa nyingine.

Kwa nini noti moja ilete tofauti kubwa hivyo? Kodi ya F ni F, A, C. Ukibaki kwenye noti za C, ile F yenyewe, ambayo ndiyo mzizi wa kodi, huna, na E yako inakaa freti moja chini yake. Ukiipitia haraka haina ubaya, hata ina rangi nzuri. Ukiishikilia, solo inaning'inia kana kwamba haijui imefika wapi. Kwenye G ni kali zaidi. Kodi hiyo ni G, B, D, na B ndiyo inayoifanya iwe na uso wa furaha. Ukiganda juu ya C wakati wenzako wako G, unaifunika B hiyo, na mcheza densi aliye ukumbini atahisi jambo hata kama hajui jina la noti yoyote.

Blues ya Marekani ina desturi yake. Mpigaji anaweza kubaki na pentatoniki moja ya minor juu ya kodi zote tatu, na msuguano ule ndio ladha yenyewe. Naipenda sana. Lakini rumba, dansi letu na nyimbo za injili tunazopiga hapa hazijajengwa hivyo. Solo ya rumba mara nyingi hutembea kwa nyuzi mbili kwa pamoja, sauti ya juu na ya chini zikifuatana, na hapo kodi haifichiki. Ukileta msuguano wa blues kwenye sebene, wacheza densi wanapoa.

Anayetaka kusikia jambo hili kwa uwazi amsikilize Mwenda wa Bayeke, Jean-Bosco wa Katanga, Kongo, ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952. Ni mtu mmoja na gitaa moja. Dole gumba linashika besi na kidole cha shahada kinapiga sauti ya juu, kwa hiyo hana namna ya kuisahau kodi, ameibeba mwenyewe. Kisha msikilize Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa wa Tanzania, enzi za Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, hadi ajali ilipomchukua mwaka 1979. Kwangu mimi, hakuna shule ya solo iliyo bora kuliko kukaa na rekodi zake na gitaa mapajani, ukisimamisha na kurudia kipande kimoja mpaka ukijue.

Kodi za minor, zile zenye sauti ya huzuni, zisikutishe. Am (A minor) inatumia noti zilezile za C, Dm zilezile za F, Em zilezile za G. Kwa hiyo maumbo matatu uliyoyapata yanakutosha kwa kodi sita, na hizo ndizo utakazokutana nazo kwenye nyimbo nyingi sana. Inayohitaji uangalifu ni E kubwa (E major) kwenye wimbo ulio katika A minor, kwa sababu ina G#, yaani G iliyopanda freti moja, na noti hiyo haimo katika umbo lolote kati ya yetu matatu. Watu wa kwaya wanaijua: ni so inayopanda kuwa se. Kwenye umbo lako, G ya uzi wa nne inatoka freti ya 5 kwenda ya 6, na ya uzi wa pili inatoka ya 8 kwenda ya 9. Iguse hiyo kisha ufungukie A kodi inaporudi, na utasikia wimbo unavyofika nyumbani.

Kitu ambacho kilinichukua muda mrefu zaidi ni kuwahi. Vidole vyangu vilikuwa vinajua pa kwenda, lakini vilikuwa vinasubiri masikio yasikie badiliko kwanza, na hapo tayari nimechelewa. Noti inayohama inatakiwa itue pamoja na kodi, kwenye pigo la kwanza. Kwa hiyo siku hizi napenda kumalizia kodi ya C kwa E, nusu pigo kabla, ili F inapoingia kidole kitelezee tu mbele freti moja. Msikilizaji anasikia hatua ndogo, na kodi nzima imegeuka.

Zoezi lenyewe ni hili. Rekodi rithimu kwenye simu, C, F, G, F, kila kodi mapigo manane, mwendo wa taratibu, pigo 80 kwa dakika au pungufu. Dakika tano za kwanza usipige kitu kingine chochote isipokuwa noti zinazohama. Mzunguko wa kwanza wa kodi zote nne: mi, fa, mi, fa. Mzunguko wa pili: do, do, ti, do. Ziimbe kwa sauti kabla ya kuzipiga, hata kama sauti yako si nzuri. Baada ya hapo ongeza noti mbili kuzizunguka, kisha tatu. Usiruhusu vidole vikimbie mpaka hizo mbili, fa na ti, zitue zenyewe bila kuzitafuta.

Ukishaziweza, zima rekodi. Mimi hufanya hivi na mdogo wangu, ambaye sasa anajifunza besi. Anakaa amenipa mgongo asione mikono yangu, hakuna rithimu, hakuna ngoma, na simwambii nitabadilisha lini. Napiga solo peke yake, naye anatafuta besi kwa kunisikiliza. Akihama kwenda F pamoja nami, kipande hicho nakiweka. Akibaki C, nakirudia.