Forester ya turbo na makosa ya sensa lukuki: anza na aathi

Mkuu, umesema Subaru Forester yako (SG5, yenye injini ya turbo EJ205) ilikuwa salama mpaka ulipopandisha presha ya turbo, ukabadili ekzosti na kupeleka manifoldi ya kuingiza hewa kupigwa rangi ya unga. Sasa taa ya injini haizimi, gari inakata ukikanyaga mafuta, na umeshauziwa sensa ya hewa na koili mbili za kuwashia plagi. Usinunue kitu kingine kwanza.

Ninayo injini hiyohiyo, na kwangu mashine ya kupimia makosa iliwahi kusoma makosa ya sensa nne kwa mpigo. Sensa nne hazifi siku moja. Zikilalamika pamoja, tafuta kinachoziunganisha: aathi (waya unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri), au ule umeme wa volti 5 unaotoka kontroo boksi (kompyuta ya injini) kulisha sensa. Kwenye injini za EJ, aathi za waya za injini zimefungwa kwa bolti juu ya manifoldi ileile uliyoipeleka rangi, na rangi haipitishi umeme. Kwangu tulikwangua chini ya bolti mpaka aluminiamu ikang'aa. Makosa matatu yakaondoka moja kwa moja.

Wewe pima, usikwangue kwa kubahatisha. Washa injini, taa kubwa na feni. Ncha moja ya mita iweke hasi ya betri, nyingine kwenye waya wa aathi wa sensa. Ikizidi volti 0.1, hapo pana tatizo. Mafundi wengi hupima ohm gari ikiwa imezimwa, na hapo ndipo wanapodanganyika: waya uliobakiwa na nyuzi mbili unafaulu kipimo hicho bila shida.

Kisha pima ule umeme wa volti 5 wa sensa. Ukikuta 1 au 2, chomoa sensa mojamoja ukiangalia mita. Ikipanda, shoti iko kwenye sensa uliyochomoa au waya wake. Kosa langu la nne lilikuwa waya ulioyeyuka karibu na turbo.

Koili usizihukumu kwa macho. Hamisha ya silinda 3 uipeleke 1; kodi ya kosa P0303 (silinda 3 haichomi vizuri) ikigeuka P0301 (silinda 1), koili imekufa. Kosa lisipohama, rudi kwenye plagi, kwa sababu presha ikipanda mwanya wake unatakiwa kupunguzwa.

Na kama inakata ghafla kwenye presha ileile kila mara bila kuandika kosa, huenda hakuna kilichoharibika. Kontroo boksi ya kiwandani hukata mafuta presha ikivuka kikomo chake. Hiyo ni kazi ya kutuni, yaani kurekebisha programu ya kontroo boksi. Lete vipimo vya aathi tuendelee.