Pesa za Idi si Zako Zote

Wadogo zangu mnaouza leso na madera, Ramadhani ikifika kumi la mwisho nawaona Biashara Street ya Mombasa mkitoka na mizigo korija kwa korija, ishirini ishirini, hata salamu hamna muda. Mfungo Mosi haujaisha, simu zinaanza: "Dada, nimekwama." Kila mwaka. Basi naandika leo, ili msimu ujao nisipopokea msinune.

1. Tili ya biashara, ile namba wateja wanayolipia kwa simu, iwe mbali na laini yako ya nyumbani. Sitaki maswali hapa.

2. Mali kauli ni deni, hata kama hamkuandikiana. Mwaka mmoja nilikuwa na kibanda kimoja Mwembe Tayari, na mzee mmoja wa duka la jumla aliniamini, akanipa leso nimlipe baada ya Idi. Zilikuwa na jina, yaani ule msemo uliochapwa, la kuwachokonoa mawifi, zikaisha upesi. Nikarudi nikachukua nyingine, jina lile lile, pindo lile lile, rangi tu tofauti. Kila jioni nikitazama simu, salio limefura. Kichwa nacho kikafura. Nikanunua makochi, nikalipia kibanda cha pili Kongowea, na harusini kwa binamu yangu nikatunza kama mke wa mbunge. Hata jioni moja sikukaa nikatenga: hii ya mzee, hii ya kodi ya kibanda, hii ya kununulia tena, na hii kidogo iliyobaki ndiyo yangu.

Idi ikapita, masika yakaingia. Nyinyi mnalijua soko la wakati huo, watu wote mifuko mitupu. Na jina la leso lina siku zake; likitoka jipya, la zamani hata ukiliuza kwa hasara mtu anakutazama tu. Mzee akapiga simu mara ya kwanza, akauliza habari za watoto. Mara ya pili salamu zilikuwa fupi. Nikaanza kupita vichochoroni nisipite mbele ya duka lake, mtu mzima mimi, na buibui langu nimejifunika hadi machoni. Mwisho akaja mwenyewe kibandani, akaketi, akakataa chai. "Mwanangu, si ungenambia?" Hakusema zaidi. Afadhali angenitukana.

Makochi nikamuuzia jirani, na mpaka leo nikienda kwake nayakalia. Kibanda cha Kongowea nikakiacha. Deni nililimaliza, lakini kauli sikupewa tena. Kwa mzee yule nanunua taslimu.

3. KRA, watoza kodi wa serikali, hawangoji faida yako. Mauzo yakizidi milioni 1 kwa mwaka, hadi milioni 25, kuna TOT, kodi ya mauzo, na tangu 2023 ni asilimia 3 ya mauzo yenyewe. Ukiuza dera la shilingi 1,000 ukapata faida ya 100, 30 si zako. Zitenge siku hiyo hiyo.

4. Hustler Fund, ule mkopo wa serikali wa kwenye simu, riba yake ni asilimia 8 kwa mwaka, lakini hesabu siku, usihesabu riba: unatakiwa kulipa ndani ya siku 14. Muuza nyanya ataizungusha hela hiyo. Wewe dera la harusi utamuuzia nani kwa siku 14 katikati ya masika? Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa salio likiisha, msinitajie kabisa.

5. Shoga wa chama akichukua kwa deni, andika daftarini mbele yake, jina na tarehe. Aone haya yeye. Kuna mmoja alinuna, akahamia kwa muuzaji mwingine, na huko nasikia anadaiwa vile vile.

6. Korija ya pili usichukue jina lile lile. Changanya.

Na nyinyi wawili mlionipigia jana, njooni Jumamosi baada ya adhuhuri na daftari. Kama daftari hamna, leteni mzigo uliobaki tuuhesabu. Halafu mmoja wenu atampigia mwenye mali akiwa hapo hapo mbele yangu, na asianze kwa kuuliza habari za watoto.