Jibu: Duka la WooCommerce (plagini ya duka la mtandaoni kwenye WordPress) linachukua sekunde 9 kufunguka kwenye simu

Habari mkuu. Kama nimekuelewa, ukurasa wa bidhaa unachukua sekunde 9, plagini ya kashe (inayohifadhi nakala za kurasa ili zifunguke haraka) umeshaweka, na hakuna kilichobadilika.

Usiongeze plagini nyingine kwanza. Fungua ukurasa huo wa bidhaa kwenye Chrome ya kompyuta, bonyeza F12, ingia Network, weka tiki kwenye Disable cache, pakia upya. Tazama mstari wa kwanza kabisa, ule wa ukurasa wenyewe. Safu ya Time ya mstari huo ikizidi sekunde moja, shida iko kwenye seva au plagini, na kubana picha hakutakuokoa. Angalia toleo la PHP (lugha inayoendesha WordPress) kwenye cPanel, yaani paneli ya kusimamia hosting yako, kisha weka Query Monitor, plagini ya uchunguzi, uone ni plagini gani inailemea database.

Mstari huo ukiwa wa haraka, panga orodha kwa Size (ukubwa wa faili). Mara nyingi utakuta picha zimetoka kwenye simu moja kwa moja, MB 3 au 4 kila moja. Zipunguze hadi upana wa pikseli 1200, hifadhi kwa WebP (aina ya faili ya picha iliyo nyepesi), ubora 80. Picha kuu ya bidhaa usiiwekee lazy load (kupakia picha pale tu mtu anapoifikia), itachelewa bure. Slaida (picha zinazobadilishana) ya ukurasa wa mwanzo ing'oe tu, haiuzi chochote.

Na hiyo kashe, hakikisha haigusi kikapu, malipo wala akaunti, la sivyo mteja ataona kikapu cha mwenzake.

Ukipata muda wa mstari ule wa kwanza, uweke hapa.