Kuni za ash: nunua pale utakapozichoma
Umeuliza kama unaweza kubeba kuni za mti wa ash kutoka nyumbani Ohio hadi kambini Michigan, Marekani, kwa kuwa zimeanikwa mwaka mzima. Usizibebe. Bungua wa kijani, mdudu anayeua miti hiyo, aliyegunduliwa karibu na Detroit mwaka 2002, huishi chini ya gome akiwa buu, na anaweza kumalizia kukua ndani ya gogo lililokwishakatwa, hivyo ukilibeba unamhamisha naye. Jua pekee halimmalizi. Akitoka huacha tundu la umbo la herufi D, milimita 3 hadi 4. Ukibandua gome utakuta vijia vilivyopindapinda, vimejaa unga. Kutoona tundu nako si hoja, maana huenda mdudu yumo ndani na hajatoboa nje bado.

Salama ni kuni zenye lebo ya kupashwa joto, yaani kiini cha gogo kimefika nyuzi 60 za Selsiasi kwa dakika 60. La sivyo nunua karibu na kambi, ikiwezekana ndani ya kilomita 16. Zikibaki, ziteketeze hapohapo, usirudi nazo. Karantini ya serikali kuu, yaani zuio la kusafirisha kuni hizi, ilifutwa Januari 2021, ila majimbo na mbuga nyingi bado zina masharti yao, kwa hiyo uliza kwanza.